Tamasha la majengo ya Dar lianzie barazani

Kila linapozuka wazo la tamasha la kusherehekea majengo ya kale ya Dar es Salaam, orodha ya majengo haina ubishi. Kanisa la Azania Front, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Boma la Kale, Hospitali ya Ocean Road, Ukumbi wa Karimjee. Watu wakusanyike Kivukoni, kikundi cha ngoma kicheze mbele ya ukuta mweupe, mgeni rasmi ahutubie, picha zipigwe, jioni kila mtu ashike njia yake. Majengo hayo nayapenda na yanastahili heshima yote. Azania Front, iliyojengwa kati ya 1898 na 1902, bado inaupa mji sura mbele ya bandari. Lakini tamasha likiishia hapo litakuwa limesherehekea mji wa watawala na kuupa kisogo mji wa wakazi.

Ninachopendekeza ni kwamba tamasha la majengo la Dar lianzie kwenye nyumba ya Kiswahili, ile ya korido katikati, baraza mbele na ua nyuma. Na liwe siku ya kazi kwanza, ngoma baadaye. Watu wa mwambao huu walikuwa na siku ya namna hiyo zamani sana, na nitaieleza. Kwanza tutazame mji wenyewe ulivyopangwa, maana mpangilio wake ndio unaotufanya tukimbilie Kivukoni kila tunaposema urithi.

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga hapa katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima. Boma la Kale lilijengwa 1866 na 1867 kwa ajili ya kupokea wageni wake. Alipofariki 1870, ujenzi ulidorora. Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa aina ya nyumba. Upande wa bahari ulikuwa wa majumba ya mawe yenye veranda na bustani kubwa. Katikati pakawa pa maduka yenye makazi juu. Magharibi, mahali ambapo baadaye palikuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pakapimwa viwanja vya Waafrika kwa mistari iliyonyooka, ndiyo Kariakoo ya leo. Karatasini walikuwa wanagawa nyumba, lakini kila mtu alijua kwamba wanaogawanywa ni watu. Waingereza wakauendeleza mgawanyo huo, na kati ya Uhindini, yaani ile sehemu ya katikati ya maduka, na Kariakoo wakaacha uwanja mtupu kwa hoja ya kuzuia maradhi. Uwanja huo ni Mnazi Mmoja.

Kwa hiyo anayetaka kuifundisha Dar kwa miguu hana haja ya jukwaa. Aanzie Kivukoni, apande Samora, barabara iliyoitwa Acacia na baada ya uhuru ikaitwa Independence, apite Mtaa wa India na Kisutu, avuke Barabara ya Bibi Titi Mohamed, akate Mnazi Mmoja aingie Lumumba, mpaka sokoni Kariakoo. Ni mwendo usiofika saa moja ukitembea bila haraka. Njiani ataiona Uhindini yenye ghorofa mbili tatu, duka chini na familia juu, roshani za kupunga upepo, nakshi za lipu, na kwenye paji la jengo jina la aliyejenga au mwaka aliomaliza. Ataliona jumba la sala la Maismailia lenye mnara wa saa, la mwaka 1930. Halafu atavuka uwanja uliowekwa makusudi ili yeye asivuke, na upande wa pili ataukuta mji mwingine kabisa. Hotuba ya mgeni rasmi haiwezi kueleza mambo hayo kwa uwazi kama njia yenyewe inavyoyaeleza.

Sasa tuingie nyumbani.

Nyumba ya Kiswahili ya Dar, ile ya Ilala, Kariakoo, Magomeni na Buguruni, ni ubunifu ambao haujapewa heshima yake. Mbele kuna baraza ya kukalia, imepakana na barabara moja kwa moja, haina geti wala ukuta wa kuizungushia. Ukiingia mlangoni korido inanyooka hadi mlango wa nyuma, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia. Milango yote miwili ikiwa wazi, upepo unapita nyumba nzima, na mwenye kujenga aliyajua hayo kabla hajachimbia nguzo ya kwanza. Nyuma kuna ua: jiko la kuni au mkaa, choo, bafu, kamba ya kuanikia nguo, mara nyingi na vyumba vya ziada vya uani. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Kila mpangaji akaleta kabila lake, upishi wake na kilio chake kwenye korido moja, akajifunza Kiswahili cha mjini hapohapo kwa kugombea zamu ya kufagia. Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na Mngoni walifanywa watu wa mji mmoja na nyumba hiyo kuliko na shule yoyote.

Baraza ilikuwa duka, mahakama na chumba cha habari. Asubuhi vitumbua, mchana cherehani, alasiri bao, usiku kahawa na kashata. Na uani ndiko siasa ilikoiva. TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, kilizaliwa Kariakoo, Julai 7, 1954, katika mtaa ambao leo ni Lumumba. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar mwaka 1926, alikuwa mwimbaji wa ngoma kabla hajawa kiongozi wa wanawake wa TANU, na vikundi vya ngoma vya wanawake ndivyo vilivyoupeleka ujumbe wa chama kutoka ua mmoja hadi mwingine. Mkutano wa hadhara ulihitaji kibali cha polisi. Ua wa nyumba ya mtu haukuhitaji.

Kabla tofali la saruji halijatawala, nyumba hizi zilijengwa kwa miti na udongo. Nguzo zikachimbiwa, fito zikafungwa kwa kamba pande zote mbili, zikasimama kama tenga kubwa lisilo na kitu ndani. Ndipo ikatangazwa siku ya kukandika. Majirani wakaja bila kulipwa. Vijana walichimba udongo na kuukanyaga kwa miguu hadi ukashikana, wanawake wakateka maji, watoto wakapokezana madonge, na mwenye mkono mzoefu akalibamiza donge kwa kiganja katikati ya fito likakamata. Sufuria ilikuwa jikoni tangu alfajiri. Nyimbo zilikuwepo, utani wa watani ulikuwepo, na jua lilipotua nyumba ilikuwa na kuta. Siku kadhaa baadaye ukuta ukikauka ulipasuka nyufa, ukakandikwa tena, mwisho ukasawazishwa kwa udongo laini au ukapakwa chokaa.

Siku hiyo ilikuwa na kila kitu ambacho waandaaji wa matamasha wanakitafuta leo: watu wa mtaa wenyewe, ufundi unaoonekana kwa macho, chakula, muziki. Tena ilikuwa na kitu ambacho matamasha mengi hayana. Jioni kulikuwa na nyumba.

Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, kilichoanzishwa 1967, kimefanya kazi nzuri ya kuhifadhi nyumba za jamii mbalimbali za nchi hii, na siku za utamaduni zinazofanyika pale zina jambo moja la kuigwa: jamii husika ndiyo inayokuja kuonyesha mapishi, ngoma na nyumba yake, kwa mdomo wake. Lakini nyumba zile hakuna anayelala ndani. Urithi wa Ilala na Kariakoo una wapangaji, una bili ya umeme, una wajukuu wanaosubiri mirathi. Tamasha lisilojua hilo litakuja na kamera na kuondoka na kamera.

Nasema mirathi kwa sababu ndiyo inayovunja nyumba nyingi kuliko mvua. Mzee aliyejenga amefariki, ameacha watoto saba na wajukuu wengi, na nyumba ni moja. Hakuna mwenye uwezo wa kuwanunua wenzake. Anatokea mwenye fedha, ama ananunua kiwanja kizima, ama analeta ubia: yeye anajenga ghorofa, ninyi mnapewa fremu kadhaa chini na nyumba juu. Kariakoo ya ghorofa mnayoiona imejengwa kwa mikataba ya namna hiyo. Siilaumu familia hata moja. Kiwanja kimeizidi nyumba thamani mara nyingi mno, na hakuna mtu anayeweza kumwambia mjane aendelee kukaa chini ya bati linalovuja kwa sababu baraza yake ina historia. Anayetaka nyumba ibaki aje na jibu la fedha.

Uhindini kuna hadithi nyingine. Sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majumba ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Wapangaji wengi wa kipato kidogo walipata makazi katikati ya mji kwa sababu ya sheria ile, na hilo ni jema lisilosemwa vya kutosha. Upande wa pili, kodi ya chini haikutosha kukarabati. Aliyejenga hakuwa mwenye nyumba tena, aliyepanga hakuwa na sababu ya kupaka rangi nyumba ya serikali, na roshani zikaanza kuachia.

Na sheria ya kuhifadhi? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo linahitaji tangazo la waziri. Tazama maana yake kwa Dar es Salaam. Boma la Kale lenyewe, mzee wa majengo ya mji huu, limejengwa 1866. Mji mzima umeangukia upande usiofaa wa mstari huo. Mwaka 1964 pengine ilikuwa na mantiki, kwa kuwa taifa changa lilikuwa linawaza Kilwa na Bagamoyo, na halikuwa na hamu ya kulinda ofisi za mkoloni. Leo jengo la umri wa miaka 120 linasubiri sahihi ya mtu mmoja ili lilindwe, na nyumba ya udongo ya Ilala iliyolea vizazi vinne haimo hata kwenye foleni. Waheshimiwa wabunge wa Dar wangefanya la maana kama wangelipeleka bungeni suala la mwaka huo wa 1863.

Wapo watakaosema tamasha lenyewe litaleta ulinzi, kwamba watu wakishalipenda jengo hawatakubali livunjwe. Natamani iwe hivyo. Ila jirani zetu wametuonyesha kwa uchungu kwamba mapenzi hayashiki paa. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000. Sauti za Busara inawakusanya maelfu Ngome Kongwe tangu 2004. Hatua chache kutoka hapo lilisimama Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Desemba 25, 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu yake kubwa ya mbele iliporomoka na mafundi wawili wakapoteza maisha. Wageni wa matamasha walikuwa wamelipiga picha miaka nenda rudi. Boriti zilizooza hazijui kama kuna tamasha jirani.

Ndiyo maana nasisitiza kazi. Chukua mfano mmoja mdogo unaoonekana kila kona ya mji wa zamani. Kuta nyingi za kale ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo unavuta unyevu kutoka ardhini na hewa ya bahari, kisha unautoa nje kupitia lipu ya chokaa. Anakuja fundi wa siku hizi, amezoea saruji, anaupiga lipu ya saruji ngumu ili upendeze kabla ya sikukuu. Unyevu unakosa pa kutokea. Mwaka wa kwanza rangi inavimba malengelenge, wa pili lipu inaachia vipande vipana kama sahani, na ukigusa jiwe chini yake linamomonyoka unga mweupe wenye chumvi. Mwenye nyumba anasema jengo limezeeka, livunjwe. Jengo halikuzeeka, limezibwa pumzi. Mafundi wa chokaa wanaojua kuiloweka na kuiacha ikae muda mrefu kabla ya kuitumia ni wachache, na wengi wao ni watu wazima. Siku mbili za tamasha ambamo fundi kama huyo anawafundisha vijana waashi kwenye ukuta halisi wa nyumba ya mtu, kwa malipo, zina faida kuliko maonyesho ya picha ya mwezi mzima.

Najua pia hoja ya wanaochoshwa na habari hizi: nyumba za Kiswahili ni za choo cha shimo, mafuriko na msongamano, kwa nini tuzisherehekee? Hakuna anayetaka mtu arudi kwenye udongo. Magomeni Kota zilivunjwa, na Machi 2022 zikafunguliwa nyumba mpya 644 za ghorofa, watu wakapata maji na umeme wa uhakika. Ninachouliza ni kwa nini ghorofa zetu mpya nyingi hazina baraza, hazina ua, hazina upepo unaopita, mpaka kila dirisha linahitaji kiyoyozi katika mji wenye upepo wa bahari. Maarifa hayo yalikuwepo kwa mafundi ambao hawakusoma. Tukumbuke pia kwamba ukubwa peke yake hauna usalama. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36, na Novemba 2024 ghorofa jingine likaanguka Kariakoo na kuwazika wafanyabiashara na wateja. Tamasha la majengo ni mahali pazuri pa raia wa kawaida kumuuliza mhandisi ana kwa ana jengo salama linakaguliwaje na nani.

Wala lisiwe la vitu vya zamani tu. Soko la Kariakoo, lenye miavuli ya zege juu, ni kazi ya Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza kuwa wasanifu majengo katika Afrika Mashariki nzima. Liliungua Julai 2021. Siku zile jiji lilizungumza sana juu ya mali iliyoteketea na sababu ya moto, na ni sawa, watu walikuwa wamepoteza mitaji. Jina la Amuli halikutajwa inavyostahili. Mtoto wa Kariakoo anayepita chini ya miavuli ile akienda shule ana haki ya kujua kwamba iliwazwa na Mtanzania.

Ufaransa, tangu 1984, kuna siku kila mwaka ambazo majengo ya serikali hufunguliwa bure kwa wananchi. London walianza yao 1992. Hilo tunaweza kulifanya kwa upande wa Kivukoni, hasa sasa ambapo wizara zimehamia Dodoma. Kwa upande wa Ilala na Kariakoo mpango uwe mwingine, kwa sababu mlango wa mtu haufunguliwi kwa tangazo. Wenye nyumba waombwe, kupitia mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wao, na atakayekubali apate kitu kinachoshikika: wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waipime nyumba yake na kumwachia michoro, mafundi warekebishe kenchi, bati au baraza yake, na mama wa nyumba hiyo alipwe kwa chakula atakachopika. Wazee wahojiwe na kurekodiwa barazani kwao, wala wasibebwe kupelekwa ukumbini. Wapangaji washirikishwe pia. Wao ndio wanaoijua nyumba ikivuja usiku.

Wakati mzuri ni Julai. Masika yamekwisha, ukuta unakauka, na mji tayari umejaa wageni wa Saba Saba, siku ambayo yenyewe inatupeleka Kariakoo mwaka 1954. Mahali pa kukutania ni Mnazi Mmoja, karibu na Ukumbi wa Arnautoglo. Kwa bahati, njia yote niliyoitaja, kuanzia Kivukoni hadi sokoni, iko ndani ya halmashauri moja, ile ya Ilala iliyofanywa Jiji la Dar es Salaam mwaka 2021. Vibali havihitaji kuzunguka ofisi za manispaa tatu.

Kinachohitajika ni kifungu kwenye bajeti, hata kama ni cha kukarabati nyumba tatu tu kwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na mapendekezo ya kata hukusanywa mwanzoni mwa mwaka. Wenyeviti wa mitaa ya Ilala na Kariakoo watakaoanza sasa kuwauliza wenye nyumba nani yuko tayari, watakuwa na majina mkononi kikao cha maendeleo ya kata kitakapokaa.